Sharti la Vidole Kumi

Mwaka ule mvua hazikukatika. Nguo zilianikwa asubuhi zikaanuliwa jioni zikiwa na maji yale yale, na katika hospitali ya misheni, ambako wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda, jambo hilo halikuwa dogo. Masista wakaamua kuongeza mikono katika nyumba ya kufulia. Ndivyo alivyoingia kazini msichana mmoja niliyesoma naye darasa moja, mrefu, mwembamba, mwepesi wa kucheka, ambaye alikuwa ameacha shule kwa kuwa mama yake hakujiweza tena na wadogo zake walikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Sisi tuliobaki shuleni, kila tulipotoka kwenye sala ya asubuhi, tuliuona mvuke ukifuka madirishani mwa nyumba ile ng'ambo ya ua, na ndani ya mvuke tukawasikia wanawake wakitaniana kwa sauti za juu kana kwamba hapakuwa na kazi.

Kazi ilikuwapo. Mashuka yalichemshwa katika mapipa, yakakorogwa kwa mti mrefu, yakasuguliwa kwa magadi juu ya sakafu ya saruji, yakasuuzwa, yakatiwa bluu, kisha yakakamuliwa na watu wawili wakisokota kinyume. Magadi yale yalikuwa makali. Wasichana wapya walilia kwa ajili ya vidole vyao, na wale wa zamani waliwacheka wakisema, "Utazoea, mwali. Ngozi ya kwanza ulipewa na mama yako. Hii itakayoota ndiyo yako."

Wiki ile ile aliajiriwa msichana mwingine, mfupi, mnene kidogo, mtaratibu wa maneno hata ungedhani kila neno analikopa kwa jirani. Shuka pana halikunjwi na mtu mmoja. Msimamizi aliwaweka hawa wawili wasimame uso kwa uso, kila mmoja ameshika pembe mbili, wakaribiane, wakabidhiane, warudi nyuma, wakaribiane tena. Kwa kuwa mmoja alikuwa mrefu na mwingine mfupi, shuka lao liliinama upande mmoja siku zote, na wenzao wakawaita Mapacha kwa kejeli. Kejeli ikageuka jina. Huyu akamwita yule Pacha, na yule akamwita huyu Pacha, mpaka uzeeni. Sisi majirani, ili tusichanganye, yule mfupi tulimwachia jina hilo la Pacha, na yule mrefu tukamwita Bi Dobi. Habari ninazoandika ni za Bi Dobi.

Walikunja mashuka pamoja ujana wao wote na sehemu kubwa ya utu uzima. Bi Dobi aliolewa, akamzaa binti mmoja, akafiwa na mume. Pacha hakuolewa, alimlea mtoto wa kaka yake tangu akiwa mchanga, akamsomesha, naye alipokua akapata kazi katika mji mwingine. Mashine kubwa za kufulia zilipoletwa hospitalini, wanawake wa magadi waliagwa kwa hotuba fupi na blanketi moja moja. Wale wawili waliendelea kuishi vyumba vya jirani, ukuta mmoja katikati, na Bi Dobi akawa anafua nguo za watu uani kwake. Alisema mikono isiyo na kazi humsengenya mwenyewe.

Jioni walikula pamoja. Hapo palikuwa na jambo ambalo ni lazima nilieleze, kwa maana lilikuja kuwa zito. Pacha hakuweza kula akitazamwa. Alikulia katika nyumba ya watu wengi, kwenye sinia lililokuwa likihesabiwa matonge kwa macho, na aibu ile haikumtoka. Ukimkazia macho, tonge lilisimama njiani. Kwa hiyo Bi Dobi aliketi ubavuni kwake, si mbele yake, wote wawili wakatazama mlango ulio wazi, naye akasimulia habari za mtaa: nani amehama, nani amegombana na mama mkwe wake kwa sababu ya sufuria. Pacha alisikiliza, akacheka kidogo, na kabla hajajitambua sahani ilikuwa tupu.

Kisha kikaja kiharusi. Asubuhi moja Bi Dobi aligonga ukuta kama kawaida yao, ukuta haukujibu. Pacha alilazwa hospitalini kwa muda, upande mmoja wa mwili ukiwa umelala na maneno yake machache yakiwa yametoweka yote. Yule mtoto wa kaka yake, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alikuja. Alikuwa kijana mwema na mwenye haraka, kama walivyo vijana wema wa siku hizi. Aliona kwamba hawezi kumhudumia shangazi yake na kufanya kazi mji wa mbali wakati mmoja, akampeleka kwenye makao ya wazee yaliyo nyuma ya soko, akatia sahihi palipotakiwa, akaondoka huku akifuta macho.

Bi Dobi alikwenda kumtazama Jumapili ya kwanza, amevaa gauni lililopigwa pasi hata mikunjo yake ingeweza kukata karatasi. Langoni alikuwapo mlinzi, mtu wa maneno mengi.

"Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta Pacha wangu. Yule wa kiharusi, aliyeletwa juzijuzi."

"Ni ndugu yako?"

Hapo ndipo alipokosea, kama hilo ni kosa. Angesema ndiyo, nisingekuwa na cha kuandika. Lakini swali lile lilimchekesha.

"Ndugu? Mwanangu, ndugu ni watu wa kuonekana misibani. Huyu amenizidia ndugu. Hatuna tone moja la damu, na hakuna anayemjua kama mimi. Undugu ni kufaana, si kufanana."

Mlinzi aliinama, akaandika katika daftari la wageni: si ndugu.

"Haya mama, umejifunga kamba mwenyewe. Wazee wanaotembea wanatoka hapa barazani, mnakaa, mnapiga soga. Lakini wa kitandani wanaingiliwa na ndugu wa damu, au mtu mwenye kadi ya kujitolea. Wengine hapana."

"Basi niandike ndugu."

"Nimeshaandika kwa wino."

"Si ufute?"

"Mama, hata mkuu wa nchi akija bila kadi namkalisha kwenye benchi hili. Na lina msumari."

Aliketi kwenye benchi, akaukuta msumari kweli, akasubiri mpaka msimamizi wa makao alipotoka. Huyu wote walimwita Matroni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu aliyelala kidogo kwa miaka mingi. Alimwongoza Bi Dobi hadi ofisini, akampa kiti, na kumweleza bila kuficha. Zamani lango lilikuwa wazi kwa kila mwenye moyo mwema. Kisha mtu mmoja mwenye moyo mwema kabisa alimlisha mzee wa kitandani kipande cha mkate mkavu, mzee akapaliwa, akafa mikononi mwake. Wakaguzi walikuja, nusura makao yafungwe.

"Nikikosea mara ya pili wanafunga, mama. Na hawa wote sina pa kuwapeleka. Mlinzi aliponiambia habari zako nilimpigia hata mwanawe wa kulea. Amesema kwa moyo wote uingie. Lakini ruhusa ya ndugu haitoshi. Mimi mwenyewe nawahitaji watu wa kujitolea kuliko dawa. Timiza masharti, nitakupokea siku hiyo hiyo."

Masharti yalikuwa manne. Apimwe afya. Adhaminiwe na watu wawili wasio jamaa zake. Ahudhurie mafunzo ya kuwalisha na kuwageuza wagonjwa. Na mwisho, alete cheti cha tabia njema kutoka ofisi ya alama za vidole.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema Bi Dobi akisimama. "Mimi nimeinama maisha yangu yote. Mgongo umeshazoea."

Alikuja kwangu jioni ile ile, mimi niliyesoma mpaka nikawa mwalimu, akakataa kuketi.

"Mwalimu, andika kwamba mimi ni mtu mwema."

"Nitaandika nilivyokuona."

"Hapo sasa umeanza kunitia hofu."

Niliandika, na muuza sabuni wa sokoni akawa mdhamini wa pili. Afya ya Bi Dobi ilipimwa na daktari kijana aliyemwambia kwamba mapafu yake ni mazima kuliko ya daktari mwenyewe. Mafunzo aliyahudhuria pamoja na wasichana na wavulana waliomwita bibi na kumwekea kiti cha mbele. Walifundishwa kwa mdoli mkubwa wa mpira. Walifundishwa kuinua kichwa cha mgonjwa, kukiacha kijiko kiwe nusu, kusubiri koo lipande na kushuka. Mwalimu wa mafunzo alisisitiza jambo moja kuliko mengine yote: anayelisha aketi mbele ya mgonjwa, amtazame usoni na kooni, asigeuze macho hata mara moja.

Bi Dobi aliinua mkono. "Na asiyependa kutazamwa?"

"Atatazamwa hivyo hivyo, mama. Koo halisubiri."

"Nimeelewa," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nitamtazama kwa jicho moja. La pili litamsimulia habari." Vijana walicheka, naye akacheka pamoja nao, lakini jioni aliniambia kwamba neno lile lilikuwa limemkaa kifuani.

Alipohitimu alipewa koti jeupe la watu wa kujitolea, lililokwisha kuvaliwa na mwingine, kwa ahadi kwamba asilivae mpaka kadi itoke. Kikabaki cheti tu. Alikuwa na furaha hata akamtuma mlinzi salamu: amwambie Pacha kwamba yuko njiani, amechelewa foleni.

Ofisi ya alama za vidole ilikuwa chumba kirefu chenye viti vya chuma vilivyofungwa pamoja ili visiibiwe, jambo lililomchekesha kila mtu aliyekuja kutafuta cheti cha tabia njema. Afisa aliyeketi nyuma ya mashine alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye subira. Alimwonyesha kioo kidogo chenye taa ya kijani chini yake.

"Weka kidole gumba, mama. Bonyeza. Usitetemeshe."

Taa ikawa nyekundu. Akakifuta kidole kwa kitambaa, wakajaribu tena. Nyekundu. Wakajaribu kingine, na kingine, mkono wa kulia wote, kisha wa kushoto. Afisa alivishika vidole vile, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akavisogeza karibu na miwani yake. Vilikuwa vyeupe kwenye ncha, laini, vinang'aa kama kijiko kilichosuguliwa miaka mingi. Hapakuwa na mstari.

"Mama, umefanya kazi gani?"

"Nimefua."

"Umefua nini?"

"Niulize sijafua nini."

Afisa alitikisa kichwa. "Wewe ungekuwa mwizi tusingekukamata milele."

"Basi andika hivyo, mwanangu. Andika: huyu hajaiba, na angeiba tusingejua."

Watu wa kwenye viti vya chuma waliangua kicheko, afisa naye akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Lakini mashine haikucheka. Bila vidole haikuwa na mlango mwingine. Haikukubali jina, wala umri, wala ushahidi wa mtu. Alimweleza kwa upole kwamba wapo wengine kama yeye, waashi na wachonga mawe, na kwamba ngozi huota ikipumzishwa. Apake mafuta asubuhi na jioni, asiguse maji makali, sabuni wala magadi, arudi baada ya majuma kadhaa.

Sijawahi kumwona mtu akipumzika kwa taabu kama ile. Majirani walimwoshea vyombo, naye akakaa kwenye kigoda uani, mikono imepakwa mafuta, imewekwa magotini kama vitu vya kuazima. Aliwatazama wanawake wengine wakianika nguo zao, akafumba macho.

"Umekamua hilo shati au umelibembeleza?" alimwambia jirani mmoja.

"Bi Dobi, wewe umekatazwa kufua, hukuambiwa unyamaze pia?"

"Kunyamaza hakumo kwenye masharti."

Binti yake, aliyekuwa akiishi na mume wake mji wa mbali, alimpigia simu kila Jumamosi. "Mama, njoo ukae kwangu. Hapo unamngoja nani?" Naye akajibu kwamba hamngoji mtu, bali yeye ndiye anayengojwa.

Kila Jumapili alikwenda kuketi kwenye benchi la mlinzi, na mhudumu mmoja wa wodi ya wanawake, msichana mwenye huruma, alitoka kumletea habari. Mwanzoni zilikuwa habari za kawaida: amelala, ameogeshwa, ameguna kitu. Kisha zikabadilika.

"Siku hizi hali chakula vizuri, bibi. Nikikaa mbele yake anafumba mdomo, anageukia ukutani."

"Kaa ubavuni kwake. Tazameni mlango. Msimulie habari, zozote."

"Nikikaa ubavuni siwezi kuona koo. Matroni akinikuta nimefukuzwa."

"Najua," alisema Bi Dobi, ambaye alikuwa amefundishwa sheria ile ile. Aliwaza. "Basi weka kiti mshazari. Nusu mbele, nusu ubavuni."

Jumapili iliyofuata msichana alisema amejaribu. Pacha alikula vijiko viwili, vitatu, kisha akaacha. "Anatazama nyuma yangu, bibi. Anatazama mlangoni kama kuna mtu amechelewa."

Majuma ya kupumzisha vidole yalipokaribia kwisha, niliviona mwenyewe. Mistari ilikuwa imeanza kurudi, hafifu, kama vijia katika nyasi. Aliniletea nivitazame kwa miwani yangu, mkono mmoja baada ya mwingine, kwa fahari ya mtoto anayeonyesha meno mapya. Alikuwa amepanga siku yake yote. Angetoka ofisini na cheti, angekwenda moja kwa moja kwenye makao, angepewa kadi, angevaa koti, angeingia. Mchana Pacha angekula.

Siku moja kabla ya miadi alilishusha lile koti jeupe kutoka nyuma ya mlango ili alikunje mkobani. Ukosi wake ulikuwa na ukingo wa manjano, jasho la mtu mwingine. Mtu yeyote mwingine angeliona doa lile, akapita. Yeye alikuwa ameishi maisha yake yote akiamini kwamba mgonjwa huliona doa kabla ya kumwona mtu. Alichemsha maji. Akatia magadi, kidogo, kisha kidogo zaidi kwa sababu doa lilikuwa la zamani. Akasugua ukosi, akasugua mikono ya koti, akatia dawa ya kung'arisha kwa ajili ya mifuko, akasuuza, akatia wanga, akaanika. Jioni alilipiga pasi. Lilikuwa jeupe hata lilionekana kutoa mwanga.

Kesho yake taa ilikuwa nyekundu.

Afisa alivigeuza vidole dirishani. Hakucheka safari hii. "Mama, umefua."

"Sijafua."

"Mama."

"Nguo moja. Koti moja. Mwanangu, nguo moja si kufua. Hata mtu mvivu huisuuza nguo moja."

Nilikuwa nimemsindikiza siku hiyo, nikauona uso wake ukweli ulipomfikia. Hakuwa akimdanganya afisa. Kwake, kufua kulikuwa ni mlima wa mashuka na mapipa manne; alikuwa ameuacha mlima kwa uaminifu wote, wala haikumpitia akilini kwamba kokoto moja ni mlima pia. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya jamaa aliyemfanyia fitina.

Yule afisa alikuwa mtu mwema, nataka hilo lijulikane. Alituketisha, akatafuta katika sheria zake, akaona kwamba daktari akithibitisha kuwa vidole vimekufa alama, makao makuu yanaweza kutoa cheti bila vidole. Aliandika barua ya maombi papo hapo, akaibandika picha ya Bi Dobi.

"Itachukua muda gani?" niliuliza.

Alivua miwani. "Mwalimu, zilizotangulia bado hazijarudi."

Tulikwenda kwa Matroni siku hiyo hiyo, Bi Dobi akiwa na koti mkobani. Hakupiga magoti, hakulia. Alisema tu, "Niruhusu nimlishe mara moja. Simama nyuma yangu. Nifunge kamba, ukitaka, ushike ncha."

Kwenye korido tulimsikia mtu akikohoa na mwingine akiita jina la mtoto wake. "Pacha wako amerudi jana kutoka hospitalini," alisema Matroni. "Walimtundikia maji. Wamesema tuendelee kumpa kwa kijiko. Mwanawe alikuja wiki iliyopita, akamlisha mwenyewe, akimtazama usoni kama tunavyomtazama mtoto. Hakufungua mdomo. Kijana aliondoka analia." Alinyoosha mkono, akaushika mkono wa Bi Dobi juu ya meza. "Wakaguzi wanakuja bila kusema. Nina wazee sitini humu. Mama, nisamehe. Ningekuwa mtu wa kawaida ningekufungulia mlango. Kwa kiti hiki siwezi."

"Najua," alisema Bi Dobi. Nilitamani agombe, nilitamani apaze sauti ili nami nipate cha kufanya, hata kama ni kumtuliza. Lakini alikuwa amefundishwa sababu ya sheria ile na aliielewa. Alimwelewa Matroni, alimwelewa afisa, alimwelewa hata yule mtu mwema aliyemlisha mzee mkate. Hapakuwa na adui ambaye angeweza kumchukia. Tulitoka, mlinzi akatufungulia lango, akalishika mpaka tulipopita.

Nilijaribu nilichoweza. Niliandika kwa niaba yake barua mbili kwenda makao makuu, kwa Kiswahili chetu cha misheni chenye adabu nyingi. Nilikwenda kumwona mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa na cheo. Akanipokea kwa heshima, akanipa chai, akasema atafuatilia. Binti yake Bi Dobi alipiga simu kila mahali alipojua. Watu wote walijibu vizuri. Hatukukutana na mtu mmoja mkali, na hatukusogea hatua moja.

Jumapili moja Bi Dobi alimpa yule msichana mhudumu habari za mtaa, akamwomba akazisimulie kwa Pacha wakati wa chakula: kwamba fundi viatu ameoa tena akiwa na ndevu nyeupe, kwamba paa la jirani limeruka na upepo likatua kanisani, kwamba mama wa duka amenyoa nywele zote. Zote zilikuwa kweli. Msichana alirudi baadaye, amesimama mbali kidogo na benchi.

"Nimemsimulia, bibi. Ya fundi viatu imemchekesha. Ameguna hivi, upande mmoja."

"Amekula?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Msichana alionyesha ncha ya kidole chake.

Pacha alifariki kabla ya mwezi ule kwisha, mchana, baada ya kuogeshwa. Mtoto wa kaka yake alikuja kuzika. Mlinzi ndiye aliyemletea Bi Dobi taarifa nyumbani, ameshika kofia yake mkononi. Kwenye mazishi Bi Dobi hakuulizwa ndugu wala kadi. Alisimama na watu wengine, zamu yake ilipofika akatupa udongo, akarudi nyuma, akampisha aliyefuata. Nilimsikia akimwambia yule kijana, "Pole, baba. Ulimpenda. Alijua." Kijana alimkumbatia kwa nguvu, akamwuliza kama kuna kitu cha Pacha angependa kubaki nacho. Alisema hapana, chumba chote kiko kichwani.

Siku chache baadaye Matroni alimpigia simu kwa sauti ya uchovu. Alitaka kujua kama maombi yake ya kujitolea yafutwe, kwa kuwa makao makuu hayajajibu na sababu yake haipo tena. Bi Dobi alimwambia asiyafute. Alimwambia humo ndani wamebaki wengine wa kitandani, na koti lipo, safi.

Mwisho wa mwezi uliofuata binti yake alikuja na gari la kukodi, akamchukua akaishi naye, na tangu hapo napata habari zake kwa vipande tu, salamu za sikukuu na sauti inayokatika kwenye simu. Jambo la mwisho ninalolijua kwa hakika alilifanya siku mbili kabla ya safari ile. Alikwenda tena kwenye ofisi ya alama za vidole, akapanga foleni kwenye viti vya chuma, na ilipofika zamu yake akaweka vidole vyake juu ya kioo kimoja kimoja. Mashine ilisoma viwili kati ya kumi. Afisa alimwambia ajaribu tena baada ya muda, katika ofisi yoyote iliyo karibu na atakakoishi. Alimshukuru, akaomba aandikiwe mahali ofisi hizo zilipo, akaitia karatasi mkobani, akatoka.